Choo cha Kawe Tulichokibomoa Mara Tatu

Kuna choo kimoja pale Kawe nilikibomoa mara tatu.

Sikukosea kipimo. Bomba halikuvuja. Marumaru zilikaa sawasawa, ungeweka yai juu yake lisibingirike.

Mama mwenye kazi aliingia, akatazama, akashika kiuno, akasema bomoa.

Nikabomoa. Nikajenga upya. Akaja akatazama, akasema bomoa tena.

Mafundi wangu waliamini yule mama karukwa na akili. Mie niliamini kuliko wao. Lakini kila aliposema bomoa, moyoni nilikuwa nashukuru, na sikuweza kumwambia mtu sababu.

Kaa nikusimulie.

Naitwa Twaha. Sasa ni mzee, lakini wakati huo nilikuwa fundi mkuu, mtu wa kuitwa. Nilianza kwa kubeba zege kichwani. Jioni, wenzangu wakienda kupumzika Sinza, mie nilikuwa darasani na masomo ya watu wazima, Kiingereza na hesabu, mpaka nikapata cheti. Cheti kile nilikitundika sebuleni kabla ya picha ya harusi. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Mwaka ulikuwa 1992. Mnaokumbuka mnajua. Biashara imefunguliwa, maduka ya Kariakoo yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma ulihitaji kibali na mjomba serikalini kuvipata. Wageni wa miradi walikuwa wanaingia kila wiki, na wote walitaka nyumba. Kila aliyerithi nyumba ya zamani akaanza kuitazama kwa jicho jingine.

Mmoja wao alikuwa Nasser.

Nasser alikuwa na duka la vipuri mjini. Baba yake, Mzee Jawad, alikuwa amefariki karibuni na kuacha nyumba kubwa Kawe, kuta nene, ua mpana, na vyumba vya uani. Nasser akampangisha mama mmoja wa Kiswidi, mtaalamu wa maji, jina lake Margareta. Walikubaliana kwamba yule mama ataikarabati mwenyewe, na siku kazi itakapokwisha Nasser atamkabidhi nyumba nzima, tupu, bila mtu ndani.

Nikaitwa mie nisimamie. Kwa Kiingereza changu, nani mwingine?

Siku ya kwanza Nasser alinishika mkono, akanipeleka uani.

"Fundi Twaha, kile chumba cha mwisho usikiguse."

Nikamuuliza kina nini.

"Kina mtu." Akapunguza sauti. "Mke mdogo wa mzee. Yuko eda. Huyu mzungu asijue. Ofisi yao wakisikia nyumba ina mtu, wanavunja mkataba. We piga kazi chapchap. Siku ukinipa funguo, namtoa."

"Kwenye eda yake?"

"Atamalizia kwa kaka yake Sinza. Mpangaji kaingia, mie nifanyeje?"

Nikaelewa. Kumtoa mjane ndani ya eda kwa mkono wake mwenyewe asingeweza, mtaa ungemtemea mate. Alitaka lawama imwangukie mzungu.

Nilijiambia hayanihusu. Mie na ukuta, ukuta na mie.

Kesho yake akaja mwanamke wa makamo na sufuria ya uji iliyofungwa kwenye kanga. Akapita katikati ya mafundi kama anapita kwake, akaingia kile chumba, akatoka na sufuria tupu, akanisimamia mbele.

"Wewe ndiye Twaha?"

"Mie."

"Mie Zubeda, dada yake Somoe, huyo aliyemo ndani. Nilikuwa mkunga zahanati, kwa hiyo nikikwambia jambo la tumbo niamini. Mdogo wangu ana mimba."

Nikaweka mwiko chini.

Akanieleza kwamba Mzee Jawad alijua kabla hajafa, akafurahi, lakini alikuwa mtu wa haya, hakutangaza. Sasa Nasser anasema wazi kwamba baba yake alikuwa mgonjwa, hata ngazi hakuweza kushuka, mimba ile si yake. Na mjane mwenye mimba, eda yake inakwisha siku akijifungua. Maana yake Somoe hakutakiwa kuvuka kizingiti mpaka mtoto atoke.

"Mtoto akizaliwa humu," Zubeda akasema, "mama yake hajatoka, mtaa mzima unaona nani anaingia na nani anatoka, nani atafungua mdomo? Akizaliwa Sinza, watasema kaipatia Sinza."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Chelewa."

"Bibi, mie sijawahi kuchelewesha kazi ya mtu."

"Basi jifunze. Si unapenda kusoma?"

Nilitaka kumjibu, lakini sauti ikatoka nyuma ya pazia la kile chumba. Sikumwona, na haikuwa halali nimwone. Sauti ya mwanamke kijana, aliyechoka.

"Kaka Twaha, mie sitaki nyumba yao. Nataka mwanangu awe na baba."

Hiyo tu.

Nikasimama pale na vumbi kichwani. Mtu niliyejisifu miaka yote kwamba kazi yangu inakwisha siku niliyoahidi, nikaanza kutafuta namna ya kutomaliza.

Haikuwa rahisi. Zamani fundi alikuwa na neno moja tu, "hakuna saruji," na kazi inalala miezi. Nikamwendea Mama Margareta, nikamwambia kwa Kiingereza changu safi kwamba saruji imeadimika nchini. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Lori lilikuwa linashusha saruji dukani, mifuko mpaka inapasuka.

Ile ruksa ya biashara iliwafaidia watu wengi. Mie iliniharibia uongo.

Nikahamia kwenye mbao. Nikamwambia mbao za paa mbichi, hewa ya huku ina chumvi na unyevu, lazima zikae zikauke, zisije zikapinda. Nilitegemea ubishi, maana alikuwa mtu wa vipimo, anatembea na kalamu sikioni. Akasema vizuri, zikauke kabisa, tusiharakishe.

Nikasema moyoni, huyu Mungu kaniletea mjinga.

Kisha akaanza vituko.

Sebule tulipaka nyeupe. Akasema inamuumiza macho, tupake ya manjano. Tukapaka. Akasema ya manjano inavuta mbu. Fundi bomba wangu, Didas, mtu wa bara mwenye mdomo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko kwao mbu wanasoma rangi.

Madirisha ndiyo usiseme. Alitaka vioo vikubwa, ukuta mzima. Nikamweleza kwamba nyumba ya pwani inapumua, inataka nyavu na nondo, ukiifunga vioo utajipika mwenyewe kama kande. Akakataa. Tukaweka vioo. Akakaa mle asubuhi moja, akatoka shati limemganda mgongoni, akasema toeni, wekeni nyavu na nondo kama ulivyosema, Mister Twaha.

Nilifurahi kwamba nimeshinda. Kumbe.

Na kile choo ndicho kilichowamaliza mafundi. Mara ya kwanza alisema sinki liko juu. Mara ya pili, mlango ufunguke nje badala ya ndani. Mara ya tatu, rangi ya marumaru haimpi raha. Didas akasema kwa miaka yote ya ufundi wake hajawahi kuona mtu anatafuta raha huko.

Lakini Jumamosi ikifika analipa, bila neno. Basi tukabomoa.

Kumficha Somoe ikawa kazi ya pili. Mtaa mzima ulijua yumo. Hata muuza mihogo wa kona alijua. Aliyetakiwa asijue ni mmoja tu, mpangaji mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kikohozi. Vumbi letu lilimwingia Somoe, akawa anakohoa. Akikohoa yeye, Didas anakohoa juu yake haraka. Akikohoa Didas, fundi rangi anaunga. Ikafika mahali Mama Margareta akiingia getini, mafundi wote wanakohoa kwa tahadhari, kama wodi.

Siku moja akaja na katoni ya dawa ya kifua. Akampa kila mtu chupa. Chupa moja ikazidi, akaiacha juu ya ngazi ya uani, akaondoka bila kusema ya nani.

Jioni chupa haikuwepo. Nikadhani Didas kaiba.

Na kila mchana aliniambia jambo lile lile. "Mister Twaha, nendeni mkasali, mkale. Msiharakishe kurudi." Nikamsifia kwa wenzangu, mzungu mwenye adabu, anaheshimu dini za watu.

Kuna siku pia tofali lilimdondokea Didas karibu na mguu, na Mama Margareta akasema, "Loo, mwenzangu, pole." Tukacheka mpaka tukakaa chini, maana ni mwanamke wa pwani mtupu aliyesema pale. Nikadhani kayaokota sokoni.

Mtu akitaka kudhani, hakosi cha kudhani.

Siku zikaenda. Tumbo la Somoe sikuliona, lakini nililijua kwa uso wa Zubeda. Kila alipotoka na sufuria, nilimtazama, naye anatikisa kichwa kwamba bado.

Mie nikakosa utulivu. Kazini jicho moja liko getini, jingine kwenye pazia.  Nikisikia gari, mstari wa lipu unapinda, mie ambaye mstari wangu watu walikuwa wanakuja kuutazama.

Nasser alikuwa anapita kila baada ya siku chache. Mwanzo alikuja kwa salamu.

"Fundi, unajenga msikiti?"

Baadaye hakutania tena. Alizunguka vyumba, anagonga kuta, anafungua bomba, anafunga. Alinitazama kama mtu anayetazama mizani inayomwibia. Siku moja akaniambia kwamba mafundi Dar ni wengi, na kwamba jina nililolijenga kwa miaka linaweza kuanguka kwa wiki moja. Alijua pa kunigusa.

Nikarudi nyumbani nikakitazama kile cheti ukutani. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia joto.

Kisha ikaja siku yenyewe.

Zubeda aliingia asubuhi bila sufuria. Alikuja na kanga mpya, wembe mpya na beseni. Alinipita bila salamu, akasema, "Maji ya moto. Mengi." Nikamwambia Didas ateleke ndoo palepale uani. Didas akakimbilia kuni. 

Mama Margareta alikuwapo tangu mapema, na siku ile hakwenda ofisini. Aliketi kwenye ngazi ya uani na kikombe, anatazama ukuta. Nikamwomba kwa adabu asogee mbele, uani kuna vumbi. Akasema anapenda vumbi.

 Mjane anaumwa uchungu nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwake, na mie sina la kufanya. Nikamwambia Didas apige nyundo, apige chochote. Didas akapiga bati mpaka masikio yakauma.

Adhuhuri haijafika, pikapu ikasimama getini.

Nasser akashuka na wapagazi wawili. Akaingia sebuleni, akatazama kuta, dari, madirisha. Kusema kweli nyumba ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na pa kuficha uongo.

Akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Funguo. Kazi imekwisha."

"Paa linavuja," nikasema.

Wakati ule ule nikasikia nyuma yangu sauti kwa Kiswahili.

"Choo bado."

Nikageuka. Mama Margareta amesimama mlango wa uani, mikono kiunoni.

Paa halikuvuja. Mie nililijua, maana niliezeka mwenyewe. Na choo kilikuwa kizima. Yeye alikijua, maana alikitumia asubuhi ile. Tukatazamana. Sijawahi kutazamana na mtu namna ile, yeye anaona uongo wangu na mie naona wake.

"Mama, choo kimebomolewa mara tatu," Nasser akasema.

"Sikipendi."

"Sawa, kijengwe hata mara kumi. Mie nimefuata vitu vya marehemu tu, viko chumba cha nyuma. Hawa vijana watatoa mara moja, wewe uendelee."

Asingeweza kusema mtu, si unaona. Mkataba ulisema hakuna mtu. Mbele ya mpangaji wake alilazimika kumwita Somoe vitu.

Akapiga hatua kuelekea uani. Yule mama hakusogea mlangoni.

"Vitu havinywi chai," akasema taratibu, kama mtu anayeokota kila neno na kulifuta vumbi. "Somoe anakunywa na mie kila siku."

Didas akaacha kupiga bati.

Katika ukimya ule ndipo tukasikia. Kwanza kama paka. Kisha kwa nguvu, kwa hasira, mtoto mwenye mapafu.

Vigelegele vikapasuka kutoka kile chumba, vikajibiwa na nyumba ya jirani, vikavuka barabara. Kabla hujameza mate, ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake, watoto, muuza mihogo na kisu chake mkononi. Nimekwambia mtaa mzima ulijua. Walikuwa wanasubiri tu kama mie.

Zubeda akatoka na mtoto kwenye kanga. Nilijua mdomo wake, nikajiandaa kwa matusi. Hakumtukana Nasser. Alimsogelea polepole, kila mtu anaona, akamnyooshea mtoto.

"Wa kiume. Baba yake hayupo. Kaka yake yupo. Mwadhinie."

Watu wakasogea karibu.

Wote pale tulijua kinachoombwa. Mtoto akizaliwa, baba ndiye humwadhinia sikioni, na baba akiwa hayupo, damu yake. Nasser akimchukua mtoto yule kwa jina la kaka, mbele ya mtaa, amekwisha kusema ni wa mzee wake. Akikataa, atakuwa amelikataa jina la baba yake kwenye ua wa baba yake.

Nasser alimtazama mtoto. Akatazama watu. Akanitazama hata mie, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko yeye.

Nikamwambia, "Mikono ina mafuta ya gari. Nawa kwanza."

Didas akafungua lile bomba jipya la uani. Nasser akanawa. Alinawa muda mrefu kuliko mafuta yalivyohitaji. Akajifuta kwenye kanzu, akapokea mtoto, akamwinamia sikio la kulia.

Nilikuwa karibu. Alianza vizuri. Alipofika katikati, sauti ikamkatika. Akarudi kuanza mwanzo kabisa.

Wapagazi wake walikuwa wameketi kwenye ngazi, muuza mihogo anawakatia vipande.

Jioni, watu walipopungua, niliketi na Mama Margareta pale ngazini. Nikamuuliza tangu lini.

Tangu wiki ya pili, akasema. Alisikia kikohozi kisicho cha mafundi. Tulipokwenda kusali alifunua pazia, akakuta mwanamke ameketi mkekani na nguo isiyo na nakshi, bila manukato, bila kidani, akamkaribisha chai. Akarudi kesho yake, na kesho yake. Kiswahili alikifundishwa mle. Alipoelewa kwamba kazi ikiisha Somoe anatolewa, akaamua kazi isiishe. Dawa ya kifua ilikuwa ya Somoe. Zile chupa nyingine zilikuwa za kutuziba sisi macho.

Nikamuuliza, na ile manjano inayovuta mbu?

Akacheka mpaka machozi. Akaniuliza, na zile mbao zinazokauka?

Lakini kulikuwa na jambo halijakaa sawa kichwani mwangu. Somoe alijua kwamba mie nachelewesha. Alijua pia kwamba yule mama anachelewesha. Alikuwa nyuma ya pazia moja, anatusikia wote, na hakumwambia yeyote kati yetu habari za mwenzake. Kwa nini? Tungesaidiana. Ningelala usingizi. Choo kingebomolewa mara moja, yakaisha.

Nilipata jibu baada ya arobaini. Nilikwenda kumpa hongera, na ndiyo mara ya kwanza nikaiona sura yake, mwanamke mdogo, mpole, macho ya kucheka. Nikamuuliza.

Akambadilisha mtoto bega, akasema, "Kaka Twaha, mngejua mko wawili, kila mmoja angemwachia mwenzake."

Mie na cheti changu, hesabu hiyo sikufundishwa.

Somoe hakuhama. Mama Margareta alisema mpangaji ni yeye, na yeye anataka jirani uani. Miaka yake ilipokwisha akarudi kwao. Mtoto, Jawad mdogo, akabaki na sehemu yake katika nyumba ile kama warithi wengine. Nasser ndiye aliyempeleka madrasa siku ya kwanza, kwa ile ile pikapu.

Leo Jawad ni mtu mzima, ana watoto wake. Ni yeye aliyenifundisha kuandika kwenye simu, na ni yeye aliyeniambia niiweke hadithi hii hapa muisome. Choo bado kipo. Sinki liko juu kidogo, kusema kweli.

Na mie tangu siku ile, mtu akinichelewesha bila sababu ninayoiona, kabla sijapandisha sauti najiuliza kwanza, huyu anamlinda nani.